Kasiba ya Ujiji na Mwenye Bunduki

Katika mji wa Ujiji, si mbali na mahali uliposimama mwembe mashuhuri, nilionyeshwa kasiba ya bunduki iliyofungwa katika kipande cha kaniki. Haikuwa bunduki kamili. Kitako chake kililiwa na mchwa zamani, mtambo wake haujulikani ulikokwenda, na kilichosalia kilikuwa chuma cha urefu upatao mkono wa mtu mzima, chenye kutu nje na mifuo ya kuzunguka ndani. Bibi aliyeitunza, ambaye umri wake umekwisha kupita miaka 80, aliilaza juu ya mkeka kwa mikono miwili, kama mtu alazavyo mtoto, akasema:

"Hii, mwanangu, ni bunduki ya Rumaliza. Babu yangu alipewa naye mwenyewe, kwa mkono wake."

Nilikuwa nimekwenda Ujiji kwa kazi nyingine kabisa, kukusanya maneno ya wavuvi wa dagaa. Lakini bibi yule alikuwa amesikia kwamba mwalimu wa chuo kikuu yuko mjini, naye alikuwa na haja. Alitaka karatasi. Alitaka mtu aliyesoma aandike, atie sahihi, kwamba kasiba ile ilikuwa mali ya Rumaliza na kwamba babu yake alikuwa muungwana wake, ili wajukuu wake wa Kigoma na Dar es Salaam, ambao huicheka, waache kuicheka. Nilimwambia nitatafuta. Nilidhani kazi hiyo itachukua juma moja. Ilichukua karibu mwaka mzima, na haikuishia nilipotazamia.

Yafaa kwanza nieleze uzito wa haja yake, maana msomaji asiyepajua Ujiji aweza kuiona kuwa haja ndogo. Watu wengi wa mji ule ni wajukuu na vitukuu vya waliovuka ziwa kutoka Manyema katika karne ya 19. Baadhi yao walivuka kwa hiari yao, wakifuata biashara, na baadhi walivushwa. Jambo la nani alivuka kwa hiari na nani alivushwa halisemwi barazani. Huzungukwa kwa maneno ya adabu, na neno moja katika hayo ni "muungwana". Mtu wa pwani akilisikia neno hili hufahamu mtu huru, mwenye asili na murua. Bara, katika siku za misafara, maana yake ilipanuka. Waungwana wa Tabora, Ujiji na Nyangwe walikuwa watu wa tajiri waliovaa kanzu, waliosema Kiswahili na kubeba bunduki, hata kama katika sheria walikuwa watumwa wake. Kwa neno hilo lugha yao ikaitwa Kingwana ng'ambo ya ziwa, na mpaka leo Kiswahili cha Kongo ya mashariki chajulikana kwa jina hilo. Basi bunduki ilikuwa nusu ya uungwana. Aliyeibeba hakubeba mzigo kichwani, na kati ya mwenye bunduki na mwenye mzigo palikuwa na umbali ambao karne moja na zaidi haijautosha kuufuta.

Rumaliza naye ni nani? Jina lake halisi ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, Mwarabu wa Lindi. "Rumaliza" ni jina la sifa, nalo lajieleza: mwenye kumaliza. Alishirikiana na Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, akakaa Ujiji, na baada ya Mwinyi Kheri, aliyepewa bendera ya Sayyid Barghash, kufariki mwaka 1885, hapakuwa na mtu katika mwambao wa ziwa aliyemzidi nguvu. Alipigana na Wabelgiji wa Dola Huru ya Kongo katika vita vya 1892 mpaka 1894, akashindwa, akavuka kurudi upande uliokuwa umetwaliwa na Wajerumani, na mwisho akateremka pwani. Yeye na Tippu Tip waligombana juu ya mali hata wakafikishana mahakamani. Msomaji wa *Maisha* ya Tippu Tip, yaliyotolewa kwa Kiswahili na Kiingereza na Whiteley kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, atakumbuka uchungu wa kurasa zake za mwisho. Katika kitabu hicho hicho Tippu Tip aeleza kuwa jina lake latokana na mlio wa bunduki zake, tip tip, ijapokuwa wengine wasema latokana na macho yake ya kupepesa. Twaona basi kwamba katika nchi hii bunduki ziliweza kuwapa watu majina. Mimi nilikuwa natafuta kinyume chake, mtu wa kuipa bunduki jina.

Nilianza na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kiswahili cha karne ile kina utajiri wa maneno ya bunduki ambao vijana wetu wamekwisha kuupoteza. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Palikuwa na bunduki ya gumegume, iliyopigwa kwa jiwe la kutoa cheche, na bunduki ya fataki, iliyofuata baadaye. Zote hizi zilishindiliwa baruti na risasi mdomoni kwa mdeki, na hizo ndizo ambazo mpaka leo mashambani huitwa magobore. Mwisho ilikuja bunduki ya viasi, ambayo hupokea risasi na baruti pamoja kwa nyuma, na aghalabu kasiba yake huwa na mifuo ndani ya kuizungusha risasi iende mbali na iende sawa. Tofauti ya hizi si tofauti ya fundi tu. Gumegume iliweza kutengenezwa na mhunzi wa kijijini, na ikikosa risasi ikajazwa vipande vya shaba. Ya viasi ilimfunga mwenyewe kwa kamba ndefu ya biashara, kwani bila ya viasi kutoka Ulaya haizidi rungu.

Kasiba ya bibi ilikuwa ya viasi. Hilo nililiona siku ya kwanza, wala halikunitia shaka, maana matajiri wa Ujiji walikuwa na silaha za kila namna. Balozi wa Kiingereza wa Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakibadili bunduki kila baada ya miaka michache na kuuza za zamani kwa bei ya bure. Mwenye wingi wa namna hiyo ni nani? Nikaona niangalie kwanza jinsi waandishi walivyoandika bunduki za Ujiji ambazo wenyewe wajulikana.

Bunduki zijulikanazo kuliko zote ni zile za Stanley. Katika kitabu chake cha safari ya 1871 aliorodhesha silaha alizoondoka nazo pwani: bunduki moja ya kasiba mbili, Winchester moja na Henry moja, ambazo kila moja hupiga risasi 16 bila ya kujazwa tena, Starr mbili, Jocelyn moja, bunduki moja ya tembo, bastola, na magumegume 24. Orodha ni safi, kama ya karani wa ghala. Na twajua jinsi zilivyotumika kuingia Ujiji, kwa kuwa ilikuwa desturi ya msafara kupiga bunduki ukikaribia mji ili wenyeji wajue kuwa wajao ni wageni wa amani wenye mali. Stanley asema bunduki zipatazo 50 zililia pamoja. Watu wa Ujiji wakatoka, Susi akatangulia, na yaliyofuata yamesimuliwa mno hata sina haja ya kuyarudia. Jiwe la kumbukumbu laonyesha tarehe 10 Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley, ilhali shajara ya Livingstone huuweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili waliopeana mikono hawakukubaliana siku yenyewe ilikuwa lini. Nalitaja hili kwa kuwa baadhi ya wenzetu huyaamini maandishi kupita kiasi, na kuyadharau masimulizi ya vikongwe kwa makosa madogo kuliko hilo.

Lakini msomaji na aitazame tena ile orodha. Bunduki 50 zililia, na katika vitabu zote ni za mtu mmoja. Zilipigwa na nani? Stanley, kwa sifa yake, ametaja baadhi ya majina: Bombay aliyekuwa mkuu wao, Mabruki, Uledi, Ulimengo, Ambari, na mmoja ambaye jina lake lilikuwa Baruti. Wengi wao walikuwa wamesafiri na Speke kabla yake, na kwao safari ya Stanley ilikuwa kazi ya pili au ya tatu ya namna ile ile. Kila mmoja alipewa gumegume, akalilala nalo, akalisafisha, akalibeba zaidi ya miezi 7 toka Bagamoyo. Ukiuliza makumbusho ya Ulaya bunduki ya Stanley iko wapi, utaonyeshwa Winchester au mfano wake. Ukiuliza gumegume la Baruti liko wapi, hakuna atakayeelewa swali lako. Mtoto Kalulu, ambaye Stanley alipewa na Mwarabu mmoja huko Tabora na ambaye alimchukulia bunduki, angalau alipata kupigwa picha Uingereza mwaka 1872, amesimama nyuma ya bwana wake ameishika silaha isiyo yake. Alikufa maji katika Mto Kongo mwaka 1877, naye bado kijana.

Nilipofika hapa nilianza kushuku kwamba swali la bibi na swali langu yalikuwa na kosa moja. Sote wawili tulikuwa tunatafuta jina kubwa.

Kasiba, hata hivyo, ilikuwa na maneno yake. Niliporudi Ujiji mara ya pili nilichukua mafuta ya taa, kitambaa na kioo cha kukuza, nikaomba ruhusa ya kuisafisha sehemu ya nyuma. Bibi alikubali kwa sharti kwamba nisiikwaruze kwa kisu. Baada ya saa nzima ilitokea alama ndogo: herufi E, L na G pamoja na nyota, ndani ya mviringo wa umbo la yai, na juu ya mviringo huo taji. Kando yake ilipigwa namba ya tarakimu tatu.

Alama hiyo si ya mwenye bunduki wala si ya fundi. Ni alama ya nyumba ya majaribio ya mji wa Liège, Ubelgiji, ambako kila kasiba ilijazwa baruti kupita kiasi cha kawaida na kupigwa, ili ile mbovu ipasukie kiwandani isipasukie usoni mwa mnunuzi. Liège na Birmingham ndizo zilizokuwa karakana za bunduki za dunia, na bidhaa zake zilifika mpaka Ujiji. Alama za namna hii yataka zisomwe kwa hadhari. Neno "Tower" pamoja na taji, lionekanalo katika magumegume mengi ya Afrika ya Mashariki, lilikuwa alama ya jeshi la Kiingereza, lakini mafundi wa biashara walikwisha kujua kuwa wanunuzi walipenda taji lile, wakaliiga. Mtu akikuonyesha "Tower" akakwambia bunduki hii ilitoka kwa askari wa Malkia, usikatae wala usikubali.

Alama ya Liège ni nyingine. Herufi zile tatu ndani ya mviringo zilitumika muda mrefu katika karne ya 19, lakini taji la juu halikuwapo tangu mwanzo. Liliongezwa mwaka 1893. Kasiba yenye taji haikupata kuwa mikononi mwa Mirambo, aliyekufa Desemba 1884, wala mwa Mwinyi Kheri. Na Rumaliza? Mwanzoni mwa 1894 ngome zake upande wa Kongo zilikuwa zimeanguka naye yuko mbioni. Ili kasiba ile iwe yake, ingelazimu itoke Liège katika miezi ya mwisho ya 1893, ivuke bahari, ipite forodha za pwani zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani, ipande bara kwa miguu ya wapagazi, imfikie mtu aliyekuwa akipigana, naye aigawe kabla ya kukimbia. Sisemi kwamba haiwezekani kabisa. Nasema kwamba mwanahistoria akilikubali hilo, hana lolote atakaloweza kulikataa.

Palikuwa na kizuizi kingine. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao husomwa mashuleni kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, nao ndivyo ulivyo. Lakini vifungu vyake kadhaa vilihusu silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na 22 kusini yake, bunduki za mifuo na nyingine zilizoendelea zilipigwa marufuku. Kilichoachwa chini ya masharti kilikuwa gumegume lisilo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Majeshi ya serikali hayakuzuiwa. Kadhalika watu binafsi wachache na wasafiri wenye dhamana waliweza kupata ruhusa, na hapo mkataba ulitaka jambo lililonifanya nisimame kitini: silaha za watu hao ziandikwe katika daftari na kupigwa alama, na mwenyewe apewe kibali chenye jina lake na alama ile. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo, kwa sheria, kila bunduki ya mifuo iliyo halali mikononi mwa mtu binafsi katika nchi hizi ilikuwa na jina la mtu lililofungamana nayo. Mwafrika hakutazamiwa kuwa mtu huyo. Baada ya vita vikubwa ambavyo Wazungu waliziuza silaha kwa wingi kuliko wote, waligundua ghafla kuwa silaha ni hatari, na hatari yenyewe ni mifuo.

Namba ya tarakimu tatu ilinitia tamaa. Lakini namba isiyo na daftari lake ni kama namba ya nyumba isiyo na jina la mtaa. Yaweza kuwa ya kibali, yaweza kuwa ya kiwanda, yaweza kuwa ya kikosi. Niliketi siku nyingi mbele ya majalada ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na Kitabu cha Wilaya ambacho maafisa wa Kiingereza walikiandika baada ya Wajerumani kuondoka. Vitabu vya namna hiyo vimejaa nasaba za watemi, mipaka, kodi na mila. Mtu mwenye kasiba iliyofungwa kwa kaniki haingii humo ila akishitakiwa.

Ndipo nilipoirudia sentensi ya bibi kama mwalimu wa lugha, kazi ambayo ingenipasa kuifanya mapema. "Bunduki ya Rumaliza." Katika Kiswahili kiungo hiki cha "-a" ni mtumishi wa mabwana wengi. Bunduki ya Livingstone ni mali ya Livingstone. Bunduki ya gumegume ni namna yake. Bunduki ya Liège ni mahali itokako. Na Ujiji, kama kwingine Tanzania, mtu akisema "nyumba ya Mjerumani" hana maana kwamba palikuwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa na hati yake, bali ana maana ya nyumba ya zama zile. Stesheni ya Kigoma ni "ya Mjerumani" kwa maana hiyo, kwa kuwa reli ilifika pale mwaka 1914. Basi huenda yule wa kwanza aliyesema "bunduki ya Rumaliza" alikusudia tu bunduki ya kale, ya mfano wa zile za siku za Rumaliza. Mtoto aliyesikia akafahamu mali, na mjukuu akaongeza mkono uliotoa. Hakuna aliyesema uwongo. Irabu moja imebeba mzigo mkubwa kupita uwezo wake.

Lakini kama si yake, ilifikaje juu ya dari ya nyumba ile?

Nilizifikiria silaha za Wajerumani, ambao waliweka kituo Ujiji mwaka 1896. Askari wao walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye kupiga risasi moja moja na kutoa moshi mzito. Hata vita vya 1914 vilipoanza vikosi vyao vingi vilikuwa bado na bunduki hizo, na moshi wake uliwaonyesha maadui mahali walipolala. Kasiba ya bibi haikuwa ya namna hiyo, na kwa hiyo nawapita upesi. Waliobaki ni wale wa ng'ambo. Tarehe 28 Julai 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Kigoma, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao *Graf von Götzen*, ambayo baadaye iliopolewa na tangu 1927 ikaitwa *Liemba*. Kutoka Kigoma jeshi lilikwenda mashariki, na Tabora ikatwaliwa Septemba 19. Wabelgiji walikaa Kigoma na Ujiji mpaka 1921. Kwa miaka mitano bunduki za mifuo zilipita katika mji huu kila siku: za askari, za maafisa, zilizotekwa, zilizotupwa na zilizoibwa.

Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi. Katika vita vile wale waliowatumikia Wabelgiji wakadiriwa kupita laki mbili, wake kwa waume, na hesabu ya waliokufa haitajulikana kamwe kwa ukamilifu, kwa sababu wengi hawakuandikwa walipochukuliwa. Upande wa Waingereza wapagazi wameacha angalau jina moja, Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi chao lililogeuzwa na ndimi zetu. Upande wa ziwa sijui mtaa ulioitwa kwa ajili yao.

Safari ya tatu nilikwenda bila ya mafuta wala kioo. Nilimwamkia bibi, nikakaa, nikamwuliza habari za babu yake, si za bunduki. Alisimulia kwa furaha. Alikumbuka kuwa alipokuwa msichana wa kuchota maji, yapata miaka 10 kabla ya Uhuru, babu yake alikuwa akipanda michikichi mwenyewe kuangusha ngazi, na wajukuu wakiwa chini wakiokota chikichi. Alipanda kwa kamba kiunoni, asema, na watu wakimshangaa kwa ukubwa wake.

Nilinyamaza. Mtu aliyepewa bunduki na Rumaliza angekuwa, wakati huo, mzee wa miaka 75 au zaidi. Naye bibi, ambaye hakupata kukaa darasani zaidi ya miaka michache, aliniangalia usoni na akaisoma hesabu ile kabla sijaitamka.

"Hukuiona kuwa ya Rumaliza," akasema.

Nikamweleza habari ya taji na ya mwaka 1893, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Sikumficha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na pengine kwa machozi. Alikaa kimya muda mrefu, akizikunjua na kuzikunja pindo za kaniki. Kisha akaanza kusema habari ambayo katika safari mbili za kwanza hakuigusa hata kwa mbali. Babu yake alichukuliwa na Wabelgiji akiwa kijana ambaye ndevu zake ndizo kwanza zinaota. Alichukuliwa pamoja na kaka yake sokoni, wakafungwa mizigo ya masanduku, wakapelekwa Tabora. Yeye alirudi. Kaka yake hakurudi. Kasiba alirudi nayo, imefungwa ndani ya jamvi. Kama aliiokota, kama aliuziwa, kama ilikuwa ya askari aliyekufa njiani, hakupata kumwambia mtu. Alisema neno moja tu kwa mwanawe, baba wa bibi: kwamba walimtwika sanduku la viasi miezi mitatu, na chuma hiki ni ujira wake.

"Baba akaona haya," bibi akasema. "Ujiji hapa, mwanangu, mtu akisema babu yake alikuwa hamali wa Mbelgiji, ni nani atakayemwoza binti? Rumaliza alikuwa hapo. Jina lake halina mwenyewe, kila mtu hulichukua."

Nilimwuliza kwa nini ameniambia sasa. Akajibu kwamba mimi ndimi niliyekwenda mbali kuitafuta habari hiyo, na mgeni aliyetembea sana haifai kumrudisha na njaa.

Nimeitafakari mara nyingi ile hoja ya mishahara ya heshima: kwamba mbele ya watu wa zama zile ilikuwa afadhali kuwa mtumwa mwenye bunduki wa Rumaliza kuliko mtu huru mwenye sanduku wa Mbelgiji. Waandishi wetu wa historia, nami nimo, wamezoea kuipanga kadhia ya utumwa na uhuru kama mchana na usiku. Familia ile iliipanga vingine, na kwa zaidi ya nusu karne iliukana mwili wa babu yake uliochubuliwa mabegani ili imvalishe kanzu ya mtu mwingine. Yule kaka aliyefia njiani alipotea mara mbili, kwanza porini, kisha katika hadithi, kwa kuwa hadithi ya Rumaliza haikuwa na nafasi yake.

Jioni ile bibi aliniomba niiandike ile karatasi aliyoitaka tangu mwanzo. Nikamwuliza niandike nini. Akamwita kitukuu chake alete kalamu, asije mwalimu akasingizia kuwa hana. Niliandika kwamba kasiba hii imetoka Liège, haikujaribiwa kabla ya 1893, na kwamba ililetwa katika nyumba hii kutoka vita vya Tabora vya 1916. Nilipofika kwenye jina la mwenyewe aliniamuru niandike mawili, la babu yake na la kaka yake, la kaka likitangulia kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikayaandika. Aliichukua karatasi, akaitazama, akauliza jina la kaka ni lipi katika yale mawili. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaikunja, akaisukuma ndani ya mdomo wa kasiba mpaka ikapotea, akaifunga kaniki.